Salamu kwa Kifungo

Mtaa mzima ulimwita Pasi, kwa sababu bati lililokunjamana likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka kama shati la bwana harusi. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari, na kazi hiyo aliifanya upesi, isipokuwa kwa gari moja ambalo hakulifanyia haraka hata kidogo. Lilikuwa gari la marehemu baba yake. Lilikuwa limelala chini ya turubai uani kwa baba mdogo tangu mzee alipoacha kuona vizuri, na kuku walikuwa wamegeuza kiti cha nyuma kuwa mahali pa kutagia. Mzee alipofariki, Pasi alilivuta kwa kamba mpaka gereji, akaliweka kwenye kona ya ndani kabisa, akawaambia mafundi wenzake kwamba atakayeligusa ajitafutie kazi kwingine.

Aliyeruhusiwa kuligusa alikuwa mdogo wake tu. Huyo alishona viti vya magari na makochi, na watu walimwita Sindano, nusu kwa kazi yake na nusu kwa ulimi wake. Walikuwa ndugu wa baba mmoja. Mama aliyemzaa Pasi alifariki Pasi akiwa bado mdogo, mzee akaoa tena, akazaliwa Sindano. Lakini aliyemfundisha Pasi kufunga viatu alikuwa mama yake Sindano, na maneno "mama wa kambo" hayakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Mama alikuwa Mama, basi.

Nia yao ilikuwa moja: gari lirudi kama lilivyokuwa, na Mama awe wa kwanza kupanda. Ugomvi ulianza asubuhi moja Sindano alipoingia gerejini amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Nimekuletea ulimi wa gari," alisema.

Alifungua. Ilikuwa redio ya gari ya enzi zile, yenye uso wa chuma unaong'aa, vifundo viwili vya kuzungusha na kioo chembamba chenye namba za masafa. Aliipata kwa fundi redio wa sokoni baada ya kumshonea kochi lake lililokuwa likitoa utumbo.

Pasi alikuwa ameinama ndani ya gari akipiga msasa dashibodi. Hakuinua kichwa. "Hiyo haiingii."

"Haiingii kwa nini? Kipimo ni kile kile. Nimepima."

"Gari hili halikuwa na redio."

Sindano aliangua kicheko. "Kaka, kweli uzee hauna hodi. Gari hili halikuwa na redio? Mimi si nimekua nikiisikiliza?"

Baba yao alikuwa mpiga picha. Alikwenda kwenye maharusi, kwenye mahafali, kwenye nyumba zenye watoto wachanga, na Sindano akitoka shule alimchukua akae naye garini. Mzee akiingia ndani na kamera yake, mtoto alibaki kiti cha mbele, dirisha limeshushwa kidogo, akisubiri. Na redio, alisema Sindano, ilikuwa ikimwongelesha muda wote.

"Mzee hakutaka redio," Pasi alisema. "Watu wakimuuliza aliwaambia yeye analisikiliza gari lenyewe. Huamini? Sogea uone."

Alikuwa amekwangua rangi yote, chuma kimebaki kitupu. Katikati ya dashibodi, mahali ambapo redio hukaa, palikuwa na bati zima. Waliolitengeneza gari walikuwa wamechora mstari hafifu tu wa kuonyesha pa kukata, kwa mteja atakayetaka. Mstari haukuwa umeguswa. Pasi alimzungusha Sindano mpaka mbele akamwonyesha ubavu wa gari, hakuna tundu la antena. Akamwinamisha chini ya dashibodi na tochi, hakuna waya.

"Mimi bati haliwezi kunidanganya," alisema. "Lingekuwa limekatwa likazibwa, ningeona kovu."

Sindano alipitisha kidole juu ya bati. Masihara yakamtoka.

"Sasa nilikuwa nasikia nini?"

"Redio ya duka la jirani. Watoto mna masikio ya popo."

"Ilitoka hapa hapa, kaka. Nilikuwa navua viatu naweka nyayo kwenye hili bati, nasikia linatetemeka. Wakati mzee ameshazima gari na ufunguo kaondoka nao."

Pasi aliendelea kupiga msasa, lakini polepole. "Ilikuwa inasema nini?"

"Kile kipindi cha salamu. Mwanamke mmoja, siku zote huyo huyo. Sauti yake kama mtu aliyetoka kupanda ngazi, anatafuta pumzi. Salamu zimwendee Kifungo, popote alipo. Kifungo asilale, mama yake amechelewa kidogo tu, anakuja. Kila siku Kifungo, Kifungo. Nilikuwa namwonea wivu huyo mtoto, kwamba ana mama anayemsalimia redioni."

Msasa ulisimama. Pasi aliuweka juu ya kiti, akatoka, akaenda kwenye bomba la nyuma akanawa mikono kwa muda mrefu, mikono ambayo ilikuwa inarudi kwenye vumbi lile lile. Aliporudi hakuingia garini. Alisimama mlangoni mwa gari akiwa ameshika paa.

"Nani alikwambia jina hilo?"

"Jina gani?"

"Kifungo. Kuna aliyekwambia?"

"Si nimekwambia, redio."

"Ni mimi," Pasi alisema. "Mama aliyenizaa ndiye aliyeniita hivyo. Nilikuwa natafuna vifungo vya mashati. Sura yake siikumbuki, mdogo wangu. Nakumbuka kidole chake tu, kinanitoa kifungo mdomoni."

Nje mtu alikuwa akigonga rimu kwa nyundo.

Jioni walikwenda kwa Mama. Walimkuta barazani anakunja nguo zilizokauka, akawasukumia rundo lao wamsaidie, kwa kuwa Mama hakuamini katika mgeni mwenye mikono mitupu. Sindano alimsimulia. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja, ila shuka moja alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Jina hilo nililisikia kwa baba yenu mara moja," alisema. "Aliniomba nisilitumie, nami sikulitumia."

Kisha akawaeleza jambo ambalo Pasi alilijua nusu. Mama aliyemzaa Pasi aliugua ghafla. Mzee alimbeba akamlaza kiti cha mbele, Pasi akaachwa kwa jirani analia. Yule mama alitoa kichwa dirishani akamwambia, Kifungo usilale, nakuja sasa hivi. Barabara ilikuwa mbovu, mashimo matupu, na kila shimo lilimpa maumivu, kwa hiyo alijikaza kwa kushika dashibodi. Hospitalini hakufika. Mzee alipogeuka kumtazama, mkono ulikuwa bado pale pale kwenye bati, umeshika.

"Uliwahi kuisikia sauti yake, Mama?" Pasi aliuliza.

"Mimi nilikuwa nakaa nyuma."

Ni kweli. Wote wawili waliikumbuka picha hiyo, Mama kiti cha nyuma miaka yote, mpaka majirani wakasema anajifanya bibi mkubwa mwenye dereva.

"Siku ya kwanza nilikaa mbele," Mama aliendelea. "Nikasikia mtu anahema. Si mimi, na si baba yenu. Nikamwambia simamisha gari, nikashuka, nikahamia nyuma. Hakuniuliza kwa nini. Hapo ndipo nikajua na yeye anajua."

Sindano aliangusha nguo. "Na mimi ukaniacha nikae mbele!"

"Ulikuwa unatoka mle ndani unacheka, mwanangu. Ningekutoa kwa lipi?"

Tangu siku hiyo mambo yaligeuka juu chini. Sindano aliyekuwa anaitaka redio alisema irudishwe sokoni. Pasi aliyekuwa anaikataa aliiweka juu ya meza yake ya kazi, akaisafisha, akaijaribu kwa betri ya pembeni mpaka ikaimba, akaanza kupima bati kwa rula.

"Ameongea miaka yote kupitia kipande cha chuma kizima," alimwambia Sindano. "Tukimfungulia, tukampa spika, atasema anachotaka kusema."

"Mtu anayeongea kwa shida humpasui koo, kaka. Na bati likishakatwa halirudi. Wewe ndiye unayewaambia wateja kila siku."

"Si mama yako anayeita pale."

Alijuta kabla neno halijatua. Sindano alichukua mkasi wake akarudi kwenye ngozi ya viti, na siku nzima ulimi wake haukumchoma mtu, jambo lililowatisha mafundi kuliko matusi.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, Pasi aliingia garini peke yake, akafunga mlango, akaweka kiganja kwenye bati. Hakusikia kitu. Alifanya hivyo siku baada ya siku. Alijaribu kuita. Alijaribu kunyamaza. Alivua viatu akaweka nyayo, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, magoti yamegota kwenye usukani. Chuma kilikuwa chuma. Sindano naye, kwa kumhurumia, alikaa kiti cha mbele mara moja, akasikia nzi tu.

"Labda nimekua," alimwambia. "Labda ilikuwa ya watoto."

"Mimi nilikuwa mtoto pia," alisema Pasi. "Nilikuwa napanda gari hili kabla yako. Mimi mwanawe wa kumzaa sikusikia chochote. Akakuchagua wewe."

Hilo ndilo lililokuwa likimla. Uchungu wa kufiwa alishauzoea. Wivu ndio ulikuwa mgeni, na haukumpa usingizi. Hatimaye akasema Jumapili atakata.

Jumapili gereji haifunguliwi. Geti la bati lilikuwa limefungwa kwa kufuli kwa ndani, jua la mchana likapenya kwenye matundu ya paa na kutawanya sarafu za mwanga sakafuni. Sindano alikuja ingawa alisema haji. Alijisingizia kazi ya kufunga kiti cha mbele alichokimaliza kushona, akakikaza kwa boliti zake, akahamia kiti cha nyuma na kupiga magoti hapo, akijifanya anaweka sawa mishono.

Pasi alipiga mstari wa chaki kufuata alama ya kiwandani. Betri ya gari ilikuwa chini karibu na ukuta, imefunikwa tambara. Redio ilikuwa mezani, waya zake zinaning'inia. Akawasha drili.

Tundu la kwanza lilikuwa dogo, la kupitisha msumeno tu. Drili ilipenya bati, ikalia juu, akaizima.

Sauti nyingine haikuzimika.

Sindano aliisikia ikitoka katika tundu lile, kwanza kama mchanga unaomiminwa kwenye karatasi, kisha kama mtu anayezungusha kifundo akitafuta stesheni. Halafu pumzi. Akaijua. Aliijua kama mtu anavyoijua harufu ya kabati la nyumbani kwao.

Pasi aligeuka kumwambia kitu, akamwona uso. "Nini?" Kisha akanong'ona, "Yupo?"

Sindano aliitikia kwa kichwa.

"Mimi sisikii. Anasema nini? Niambie anasema nini!"

"Salamu zimwendee Kifungo," Sindano alisema. Alirudia kila neno kama linavyomfikia, na alijisikia anahema anapohema yule. "Popote alipo. Asilale. Kama kuna anayemjua, amwambie mama yake amechelewa kidogo. Barabara mbovu. Anakuja."

Pasi alipiga magoti sakafuni mwa gari, uso wake ukiwa karibu na tundu. Machozi yalimchuruzika mpaka kwenye vumbi la chuma lililomjaa ndevuni.

"Kaka," Sindano alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Huyu hajui. Hajui kama amekufa. Bado yuko njiani."

"Ngoja. Anasema nini tena?"

Sauti ilikuwa imekaza. Haikuwa ile ya zamani iliyojificha nyuma ya chuma. Tundu lilikuwa limeipa njia, na ilitoka kavu, karibu, kama mtu aliyeinamia sikio.

"Anasema... sasa anaona nyumba. Anasema amekaribia. Anasema ameona geti."

Geti la gereji lilitikisika. Lilitikisika mara moja, bati zima, kufuli likagonga chuma. Nje hapakuwa na upepo; nguo za jirani zilionekana kwenye upenyo wa ukuta zimening'inia wima. Likatikisika tena, safari hii kwa chini, pale mtu mfupi au mtu aliyechoka anaposukuma kwa mkono mmoja.

Sindano alisema baadaye kwamba hofu yake kubwa haikuwa geti. Ilikuwa uso wa kaka yake. Ulikuwa umejaa furaha. Alikuwa ameanza kunyanyuka, mkono mfukoni akitafuta ufunguo wa kufuli, mtu mzima mwenye mke na watoto, na macho ya mtoto aliyeambiwa asilale.

"Kaka, usifungue! Atafika kufanya nini? Atamkuta nani? Amemwacha mtoto, atamkuta mzee mwenye mvi. Mwambie! Mimi hanisikii, mimi ni redio tu. Mwambie wewe!"

Pasi alisimama, mguu mmoja ndani ya gari na mmoja nje. Ufunguo ulikuwa mkononi tayari. Geti lilitikisika mara ya tatu. Akalitazama, akautazama ufunguo, kisha taratibu akarudi akaketi kwenye kiti cha dereva. Aliweka kiganja juu ya bati, kando ya lile tundu.

"Mama," alisema. "Ni Kifungo. Usije, mama. Sikulala siku ile, nilikungoja mpaka nikazidiwa. Halafu nikalala, nikaamka, nikakua. Mimi mkubwa sasa. Nina kazi. Barabara ni mbovu, mama, usijisumbue tena. Pumzika."

Geti likatulia.

Kwa muda Sindano hakusikia hata pumzi. Kisha sauti ikarudi, ndogo, na ile haraka imeitoka.

"Anauliza kama umekula," alisema.

Pasi alicheka na kulia kwa pamoja. "Nimekula, mama."

"Anauliza nani alikulisha."

Pasi aliinua macho kutoka kwenye tundu. Alimtazama Sindano kwenye kioo cha ndani, mtoto wa yule yule aliyemlisha.

"Mama yake huyu," alisema. "Alinilisha mpaka nikashiba. Hakunibagua."

Kiti cha mbele, kile kipya chenye ngozi isiyowahi kukaliwa, kilikuwa tupu kando ya Pasi. Wote wawili walikiona. Ngozi katikati ilikuwa imebonyea, springi zimebebeshwa uzito. Kisha uzito ukaondoka, na kiti kikajaa polepole mpaka kikawa sawa.

"Amesema nini?" Pasi aliuliza.

"Salamu zimwendee aliyemlisha Kifungo." Sindano alifuta uso kwa kiganja. "Basi. Hakuna kitu tena."

Walifungua geti. Nje, vumbini, hapakuwa na nyayo za mtu. Kulikuwa na mbwa wa jirani tu, amekaa mbali kidogo, masikio wima, anaangalia barabara ya kwenda juu kama anayesindikiza mtu kwa macho.

Walikwenda moja kwa moja kwa Mama, Pasi akiwa bado na vumbi la chuma ndevuni. Mama alikuwa jikoni. Pasi alimwambia, "Mama, nimetumwa salamu zako," akamweleza zimetoka kwa nani.

Mama aliweka mwiko chini. Alivuta upindo wa kanga yake, akajifunika vizuri mabegani kama anayepokea mgeni rasmi.

"Mwambie zimefika," alisema. Kisha akakumbuka kwamba hakuna tena wa kuambiwa, akageukia sufuria akaikoroga kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Redio ilirudi sokoni. Fundi redio alishangaa, akauliza kama imeharibika. Sindano akamjibu kwamba haina ubaya wowote, ila gari limeikataa. Fundi aliguna akasema magari ya siku hizi yana nyodo, Sindano akamwambia hili ni la siku zile.

Tundu Pasi aliliziba kwa mkono wake. Alilichomelea, akalipiga msasa, akapaka rangi tabaka juu ya tabaka, na leo ukiambiwa ulitafute hutaliona. Yeye anaona kovu, lakini yeye ni Pasi. Gari likakamilika, la rangi ya krimu kama zamani, na wapenzi wa magari ya kale huja kulipiga picha. Wakiuliza mbona hakuweka redio, huwaambia haikuja na redio, nao humsifu kwa uaminifu wake.

Mwezi wa mvua alimpeleka Sindano kununua ngozi. Mvua iliwakuta njiani, kubwa, wiper zikashindwa, ikabidi waegeshe kando. Walikaa. Vioo vilipata ukungu. Sindano aliangalia bati mbele yake, limetulia, limepakwa rangi, na akajikuta ametega sikio.

"Kuna kitu?" Pasi aliuliza bila kumtazama.

"Mvua tu."

Pasi aliitikia. Alitoa pipi mfukoni, akampa moja, akafungua ya kwake akaitia mdomoni, wakaendelea kungoja mvua ipungue.